Vimeng'enya Tumboni, Katika Dawa na Katika Nguo

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi, Nairobi, na kupigwa chapa hapa kwa ombi la wale ambao walikuwa zamu siku hiyo.



Katibu ameniomba niseme habari ya vitu vinavyoitwa vimeng'enya. Najua wapo walioulizana pale nje, "Mtu wa reli ana shauri gani na mambo ya daktari?" Jibu langu ni fupi. Vitu hivi vimo tumboni mwa kila mmoja wetu. Vimo katika habari ya vidonge tunavyonunua kwa fedha zetu. Vimepita juu ya suruali ambazo wengi wenu mmevaa hivi sasa. Vimo pia katika vumbi ambalo baadhi yenu mnalivuta kila siku kazini bila kuambiwa ni vumbi gani. Tena, baadhi yake vilichotwa katika maziwa ya nchi hii, karibu kabisa na njia yetu ya reli. Basi kama hilo si shauri la mfanya kazi, sijui lipi ni shauri lake.

Mimi si daktari. Niliishia darasa la nane katika shule ya misheni, na haya nimeyasoma pole pole katika maktaba siku zangu za mapumziko. Kwa hiyo nitayasema kwa maneno ya watu wa reli.

Kwanza jina. Kumeng'enya ni kuvunja vunja kitu kikawa vipande vidogo, kama unavyomeng'enya mkate kwa vidole. Kimeng'enya basi ni kile kinachovunja vunja. Jina la Kizungu, enzaimu, lilitungwa na Mjerumani mmoja, Wilhelm Kühne, mwaka 1877, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya "ndani ya chachu". Mimi naona jina letu limeeleza kazi yenyewe vizuri zaidi, ingawa halisemi yote, kwa sababu viko vimeng'enya vingine ambavyo kazi yake ni kuunganisha, si kuvunja.

Sasa fikirini yule mwenzetu wa shanti pale yadini. Treni ya mzigo inaingia ikiwa na mabehewa mengi yaliyofungwa pamoja. Yeye anapita, anafungua hapa, anafungua pale, na kila behewa linakwenda njia yake. Je, yeye huondoka pamoja na mzigo? La. Hubaki yadini, na treni nyingine ikija huanza tena. Kimeng'enya ni hivyo hivyo. Kinatenganisha vitu vilivyofungamana, lakini chenyewe hakiliwi wala hakiishi katika kazi hiyo. Ndiyo sababu kidogo tu kinatosha kwa kazi kubwa. Tena kila kimoja kina kazi yake. Anayefungua mabehewa ya mafuta hafungui ya saruji. Kimeng'enya cha wanga hakigusi nyama, na cha nyama hakigusi mafuta.

Watu wengine hudhani kwamba hivi ni vidudu. Si vidudu, wala havina uhai. Ni protini, jamii moja na ute wa yai. Mwaka 1897 Mjerumani mwingine, Eduard Buchner, aliisaga hamira hata ikafa yote, akakamua maji yake, na maji yale peke yake yakaigeuza sukari kuwa pombe. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba kazi haifanywi na mdudu mzima, ila na kitu kilichomo ndani yake. Na mwaka 1926 Mmarekani James Sumner alifaulu kukitoa kimeng'enya kimoja katika maharagwe kikiwa safi kama chembe za chumvi. Wakubwa wa elimu hawakumsadiki kwa miaka mingi. Bwana huyu alikuwa na mkono mmoja tu, wa pili aliupoteza katika ajali ya kuwinda alipokuwa kijana. Waalimu wake walimwambia kazi ya maabara haimfai mtu wa mkono mmoja. Mwaka 1946 alipewa Tuzo ya Nobel. Nayasema haya kwa ajili ya wenzetu walioumia kazini ambao huambiwa hawafai tena.

Kwa kuwa ni jamii ya ute wa yai, moto mkali huviharibu. Yai likishachemshwa halirudi kuwa bichi. Likumbukeni jambo hili, maana tutalihitaji tukifika kwenye sabuni.

Haya, twende tumboni. Leo jioni ukila, chukua tonge la ugali mtupu, bila mboga. Usimeze. Litafune pole pole kama dakika mbili. Utaona linaanza kuwa tamu kidogo. Nani ametia sukari? Hakuna aliyetia. Wanga wa mahindi ni sukari nyingi zilizofungwa moja nyuma ya nyingine kama mabehewa, na mate yako yana kimeng'enya kiitwacho amilasi kinachozifungua. Chakula kikishuka tumboni hukutana na pepsini, inayofanya kazi katika asidi kali na kuanza kuikata nyama na maharagwe. Halafu katika utumbo mwembamba kongosho huleta vingine, vya wanga, vya protini na vya mafuta. Bila hivi mtu angeweza kula gunia zima la unga na kufa njaa, kwa sababu ugali haupiti ukuta wa utumbo mpaka uvunjwe uwe vipande vidogo sana.

Mama zetu walivitumia vimeng'enya kabla ya Wazungu kuvipa jina. Anayetengeneza busaa huchukua wimbi, hulilowesha mpaka lichipue, hulikausha na kulisaga. Hicho ndicho kimea. Mbegu ikichipua hutengeneza amilasi ili ule wanga wake uwe chakula cha mche mdogo. Mama anaikamata amilasi hiyo na kuitia kwenye uji, na uji mzito unakuwa mwepesi na mtamu, tayari kwa chachu. Mwaka 1833 Wafaransa wawili, Payen na Persoz, walitoa kitu hicho katika kimea cha shayiri, nacho kikawa kimeng'enya cha kwanza kutolewa na kupewa jina. Kule pwani nako mpishi wa mishkaki akipata nyama ngumu huipaka papai bichi lililopondwa. Utomvu wa papai bichi una papaini, ambayo huikata nyama kama pepsini inavyofanya. Utomvu huu ulikuwa biashara kubwa. Tanganyika, Uganda na Kongo ya mashariki ziliuza papaini ng'ambo, ikatumika kulainisha nyama na kuzuia bia isiwe na ukungu ikitiwa kwenye baridi. Ila mkipika papai kwanza, mmeiharibu. Nyama yenu itabaki ngumu vile vile.

Na maziwa? Wako kati yetu ambao wakinywa maziwa mabichi tumbo linanguruma siku nzima. Si uchawi, wala si lazima maziwa yawe mabaya. Mtoto mchanga ana kimeng'enya kiitwacho laktasi kinachovunja sukari ya maziwa. Kwa watu wengi wa dunia hii, akikua kinapungua. Lakini kwa watu wa ukoo wa wafugaji mara nyingi hakipungui. Mwaka 2007 wataalamu wakiongozwa na Sarah Tishkoff walitangaza kwamba wafugaji wa Kenya na Tanzania wana badiliko lao katika damu ya ukoo linalowawezesha kunywa maziwa utu uzima, na badiliko hilo si lile la Wazungu. Lilitokea huku huku peke yake. Kwa yule ambaye hakulirithi, maziwa lala na mursik humfaa zaidi, kwa kuwa bakteria waliogandisha maziwa wamekwisha kula sehemu ya ile sukari.

Sasa dawa. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Watu wengi hufikiri dawa ya kimeng'enya ni ile ya kuongeza kimeng'enya pale kilipopungua. Hizo zipo. Mwaka 1894 Mjapani Jokichi Takamine, aliyekuwa akiishi Marekani, alipata hati ya kumiliki njia ya kutoa amilasi katika ukungu, ikauzwa kuwa dawa ya tumbo. Wagonjwa ambao kongosho lao limeharibika hupewa vimeng'enya vya kumeza pamoja na chakula mpaka leo. Lakini dawa nyingi tunazomeza hufanya kinyume. Huzuia kimeng'enya kisifanye kazi. Ni kama kumfungia yule wa shanti ofisini: mabehewa yote hubaki pale pale.

Aspirini ni hivyo. Huzuia kimeng'enya kinachotengeneza vitu vinavyoleta maumivu na homa. John Vane wa Uingereza ndiye aliyelionyesha jambo hilo mwaka 1971. Enalaprili, ambayo wengi wenye shinikizo la damu wanaimeza, huzuia kimeng'enya kinachosaidia kubana mishipa. Dawa za ukimwi pia. Kidonge kimoja cha siku, ambacho wenzetu wengi wanapewa, kina dawa tatu ndani yake, na zote tatu huzuia vimeng'enya vya virusi. Mbili, tenofoviri na lamivudini, huzuia kile ambacho virusi hutumia kunakili habari zao, na ya tatu, dolutegraviri, huzuia kile kinachozipachika habari hizo katika chembe za mwili. Virusi vikikosa vimeng'enya vyake havizai. Lakini mtu akiruka siku, mlango umefunguliwa, na vile vinavyozaliwa vinaweza kuwa vya namna isiyosikia dawa. Ndiyo maana tunapogombea ratiba ya zamu tusione ni jambo dogo mtu akiomba nafasi ya kwenda kuchukua dawa zake.

Na wadudu nao wana vimeng'enya vyao vya kujikinga. Bakteria wengi wamejipatia kimeng'enya kinachokata penisilini vipande kabla haijawadhuru. Kwa sababu hiyo, madaktari wameunganisha amoksilini na asidi ya klavulaniki, ambayo kazi yake ni kukishika kile kimeng'enya ili amoksilini ipite. Kila unaponunua vidonge vinne kwa duka la dawa kwa sababu fedha ya dozi nzima haipo, au unaponunua dawa hiyo kwa mafua ambayo haiyawezi kabisa, unawasaidia wale bakteria wenye kujikinga wabaki wakati wenzao wamekufa. Najua dozi nzima ina bei. Tunapozungumza na waajiri habari ya matibabu, hesabu hiyo iwemo.

Mfano mmoja zaidi, ambao utatupeleka kiwandani. Ile dawa ya kuoshea vidonda, haidrojeni peroksaidi, ukiimimina juu ya kidonda hutoa povu jeupe. Lile povu linatokana na katalasi, kimeng'enya kilichomo katika damu na nyama, ambacho huivunja ile dawa iwe maji na hewa ya oksijeni. Kimoja huvunja chembe mamilioni kwa sekunde moja. Hakuna mtu wa shanti mwenye kasi hiyo, hata akiahidiwa ovataimu. (Kicheko.) Basi, katika kiwanda cha nguo pamba hung'arishwa iwe nyeupe kwa dawa hiyo hiyo. Ikibaki kidogo ndani ya kitambaa inaharibu rangi. Zamani walikuwa wakisuuza kwa maji mengi mara nyingi. Siku hizi hutia katalasi, povu linatoka, kazi imekwisha, na maji yaliyookolewa ni mengi.

Nguo zina mengine mengi. Kabla ya kufuma, nyuzi za mtande, yaani zile za urefu, hupakwa wanga zisikatike katika mtambo. Kitambaa kikitoka ni kigumu kama kadibodi na rangi haiingii. Wanga ule lazima utoke. Wa zamani waliutoa kwa asidi, ambayo ikizidi inaila pamba yenyewe, na mikono ya mfanya kazi pia. Mwanzoni mwa karne ya 20 viwanda vya Ulaya vilianza kutumia kimea, kile kile cha mama wa busaa, na baadaye amilasi inayotengenezwa na bakteria. Amilasi hula wanga na kuiacha pamba, kwa sababu, kama nilivyosema, kila mtu na kazi yake.

Sasa tazameni jinzi. Ukienda soko la Toi asubuhi utakuta marundo yake, zimepauka magotini na mapajani kama zilizovaliwa miaka kumi. Nyingi hazikupauka kwa kuvaliwa. Zamani kiwanda kilizitia katika mashine kubwa pamoja na mawe mepesi ya volkano, zikagongwa gongwa mpaka rangi ya nili ikatoka. Mawe yaliharibu mashine, yaliziba mifereji, na mtu alikuwa na kazi ya kutoa changarawe mifukoni, suruali moja moja. Tangu miaka ya mwisho ya 1980 walianza kutumia selulasi, kimeng'enya kinachokula selulosi, yaani nyama ya pamba. Hutafuna nywele ndogo za juu tu, na nili inaanguka pamoja nazo. Akili ni kuisimamisha kwa wakati wake, maana ikiachwa itakula suruali yote.

Kama mnataka kuiona kazi ya selulasi bila kwenda kiwandani, piteni Dagoretti machinjioni. Mtaona majani yanayotolewa matumboni mwa ng'ombe, yamekuwa uji. Ng'ombe mwenyewe hana selulasi, ila amewapangisha bakteria tumboni walio nayo. Sisi hatuna wapangaji wa namna hiyo wa kutosha, kwa hiyo hatuwezi kuishi kwa nyasi, ingawa waajiri wengine wakipanga mishahara hudhani tunaweza.

Kwa wenzetu wa nguo kuna jambo ambalo linastahili kusemwa waziwazi. Iko njia nyingine ya kupausha jinzi: kuipiga mchanga kwa bomba la upepo. Huko Uturuki vijana wengi waliofanya kazi hiyo katika vyumba vidogo walivuta vumbi la mchanga, mapafu yao yakawa magumu, na wengine walikufa wakiwa na umri mdogo. Serikali ya Uturuki ilipiga marufuku njia hiyo mwaka 2009. Kimeng'enya kinafanya kazi hiyo bila mchanga. Mwajiri yeyote akileta bomba la mchanga katika karakana ya nguo, mkataeni siku ile ile.

Sasa nafika kwenye maziwa yetu. Sabuni ni kitu cha jamii ya magadi. Vimeng'enya vya kawaida vikitiwa ndani ya magadi makali vinaharibika. Wenye viwanda vya sabuni wakajiuliza: ni wapi duniani viumbe vinaishi ndani ya magadi kila siku? Jibu ni hapa: Nakuru, Bogoria, Magadi. Maji yale hayawezi kunyweka, lakini bakteria wake wameyazoea, na vimeng'enya vyao vinaweza kufanya kazi katika maji ya kufulia. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Leicester cha Uingereza walichukua sampuli kutoka maziwa haya, na kampuni ya Genencor ya Marekani ikapata humo selulasi, ikaiuza kwa ajili ya sabuni na kwa ajili ya kupausha jinzi. Mwaka 2004 Shirika la Wanyama Pori la Kenya, KWS, lilisema hadharani kwamba Kenya haikupata sehemu yake katika faida hiyo na kwamba litaidai. Kampuni ikajibu kwamba haikuvunja sheria.

Angalieni namna jambo lenyewe lilivyo. Sisi wa reli tunajua mzigo hauondoki bila hati. Magadi yenyewe yakitoka Magadi kwa behewa hupimwa kwa tani, na kila tani ina bei. Lakini hapa haikutoka tani. Lilitoka tope la kijiko. Na baada ya hapo hakuna aliyehitaji kurudi kuchota tena, kwa sababu ile habari ya kutengeneza kimeng'enya hutolewa katika bakteria mmoja, hutiwa katika mwingine anayezaa upesi, na huyo hufugwa ndani ya matangi ng'ambo. Katika mizani ya stesheni kijiko hicho hakisomeki hata kidogo.

Na sheria ilikuwa wapi? Mkataba wa dunia unaosema kwamba kila nchi ina haki juu ya viumbe vyake, na kwamba faida igawanywe, maneno yake yalikubaliwa hapa hapa Nairobi, tarehe 22 Mei 1992, ukatiwa sahihi Rio mwezi uliofuata. Ulianza nguvu tarehe 29 Desemba 1993. Kilichochukuliwa kabla ya siku hiyo kilikuwa na mwanya wa kupita. Kenya ilitunga kanuni zake za kuchukua viumbe kwa uchunguzi mwaka 2006. Mwaka 2007 KWS ilipatana na kampuni ya Novozymes ya Denmark, kwamba kampuni iwafundishe Wakenya kazi hii ya kutafuta vimeng'enya, na ilipe kwa kimeng'enya chake cha kung'arisha karatasi kilichotoka kwa bakteria wa hapa. Mimi naona hilo la mafunzo lina thamani kuliko hundi. Hundi huisha. Kijana anayejua kumtoa bakteria katika tope la Bogoria na kukijua kimeng'enya chake hawezi kuibiwa kwa kijiko.

Tena msidhani ni maziwa ya mbali peke yake. Ruiru mnaijua, ni stesheni yetu kwenye njia ya Thika. Vitabu vya dawa vinasema kwamba bakteria aliyeitwa SE50, wa jamii ya Actinoplanes, alitoka katika udongo wa Ziwa Ruiru, Kenya. Sisi huku twajua zaidi bwawa la Ruiru. Kampuni ya Bayer ya Ujerumani iliona kwamba bakteria huyo hutoa kitu kinachozuia vimeng'enya vinavyovunja wanga utumboni. Kitu hicho ni dawa iitwayo akaboze. Mwenye kisukari akiimeza mwanzo wa mlo, ugali unavunjwa pole pole, na sukari haipandi ghafula katika damu. Ilianza kuuzwa Ujerumani mwaka 1990 na Marekani ikaikubali mwaka 1995. Ubaya wake ni kwamba wanga usiovunjwa hushuka chini na kuliwa na bakteria wengine, na mgonjwa anasumbuliwa sana na hewa ya tumboni. Nawaonya wale wa behewa la abiria lililojaa. (Kicheko.) Ni dawa ya kupewa na daktari, si ya kujinunulia.

Basi udongo wa Ruiru umegeuka fedha Ujerumani, na mwenye kisukari wa Kawangware akiihitaji atainunua. Simwambii mtu achukie dawa. Dawa imewafaa watu. Nasema tu kwamba jina la Ruiru lingekuwa katika hati ya mzigo.

La mwisho ni vumbi, na hili ndilo nililojia. Mwaka 1969 daktari mmoja wa kiwandani huko Uingereza, M. L. H. Flindt, aliandika katika jarida la madaktari kwamba wafanya kazi wanaotengeneza sabuni ya unga yenye vimeng'enya wanapata ugonjwa wa kifua. Kimeng'enya kikavu ni unga mwepesi sana. Ukiuvuta, mwili unaweza kuuchukia. Baada ya hapo viwanda vikubwa vilijifunza kukifunga kimeng'enya ndani ya chembe zilizopakwa nta au kitu kama hicho, kisirukeruke, au kukileta kikiwa maji. Lakini chembe hizo zikisagika, vumbi linarudi. Na si sabuni tu. Viwanda vya mikate hutia amilasi ya ukungu katika unga wa ngano, nayo inajulikana kuwaletea waokaji pumu. Papaini pia imewaumiza walioifunga katika makopo.

Ishara zake ni hizi. Mtu anaanza kupiga chafya, pua inatiririka, macho yanawasha. Halafu kifua kinabana, mara nyingine usiku baada ya kazi na si wakati wa kazi, kwa hiyo hafikirii kwamba ni kazi iliyomletea. Akiwa likizo anapona. Akirudi Jumatatu, linaanza tena. Mtu akiona mwendo huo, asiseme ni baridi ya Nairobi. Na mwili ukishakichukia kimeng'enya, hata vumbi dogo kabisa laweza kumwangusha, na si rahisi mwili kusahau. Kwa hiyo ulinzi ni kabla.

Ulinzi wenyewe: kama kimeng'enya chapatikana cha maji au cha chembe zilizopakwa, kisinunuliwe cha unga. Kikimwagika, kifutwe kwa kitambaa kibichi, kisifagiliwe kikavu wala kupulizwa kwa bomba la upepo. Anayefungua gunia apewe kinga ya pua inayochuja vumbi, maana kitambaa cha kufunga mdomoni hakitoshi. Nguo za kazi zibaki kazini zifuliwe huko, zisipelekewe watoto nyumbani. Nanyi mnaofua nyumbani kwa sabuni yenye vimeng'enya, loweka kwa maji ya vuguvugu. Maji yanayochemka yanaua kile ulichokilipia. Na sweta la sufu usilitie humo, kwa sababu sufu ni protini na proteasi ya sabuni haibagui kati ya doa la damu na sweta.

Sheria iko. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka mahali penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, na wafanya kazi wawe na wajumbe wao humo. Inamtaka mwajiri awape watu habari na mafunzo juu ya vitu vya hatari wanavyoshika. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, ya mwaka huo huo, haihusu vidole vilivyokatika tu. Inahusu pia magonjwa yanayotokana na kazi. Lakini fidia hutaka ushahidi, na ushahidi wa pumu ni karatasi: tarehe ulipoanza kukohoa, tarehe ulipokuwa likizo na ukapona, jina la kitu kilichokuwa katika gunia. Mtu asiye na karatasi hizo ataambiwa anavuta sigara.

Katibu ameweka daftari pale mlangoni. Wageni wetu wa nguo, mikate na dobi, tafadhali andikeni mahali mnapofanyia kazi, jina lililoandikwa katika gunia au mtungi wa kimeng'enya, kama ni unga au maji, na kama kamati ya usalama ipo au haipo. Msiandike majina yenu kama mnaogopa. Wale ambao gunia lao halina jina lolote, waandike hivyo hivyo, "halina jina". Daftari litafungwa Ijumaa jioni, na Halmashauri italipeleka kwa vyama vinavyohusika na kwa Idara ya Usalama na Afya Kazini. Sasa niko tayari kwa maswali.